Barabara ina barafu alfajiri na lazima niendeshe, wenye uzoefu naomba msaada

dereva_wa_alfajiri

Wakuu habari zenu. Nimehamia sehemu ya baridi kali na hii ndo winta yangu ya kwanza nikiwa na gari. Kuendesha nimeendesha miaka mingi, mvua, matope, vumbi, hayo yote nayajua, ila hii ya theluji naona ni somo lingine kabisa. Kazini natakiwa nifike kabla jua halijatoka, njiani kuna daraja refu afu mbele yake mteremko unaoishia kwenye taa za barabarani, na hapo kwenye mteremko juzi nimeona kitu kimenitisha. Gari iliyokuwa mbele yangu dereva kashika breki, taa nyekundu za nyuma zinawaka, tairi hazizunguki kabisa, lakini gari inashuka tu taratibu kivyake mpaka ikaenda kuegemea ukingo. Na spidi yenyewe wala hakuwa nayo. Tangu siku hiyo nikifika pale moyo unanidunda.

Gari yangu ni ndogo, otomatiki, inavutia mbele, tairi ni zile wanaita za misimu yote. Je hizo tairi zinatosha au ninunue za winta? Mteremko kama ule nashukaje? Na gari ikishaanza kuteleza unafanya nini ndani ya zile sekunde chache? Wanangu nawapeleka shule na gari hiyohiyo kwa hiyo naomba mnijibu kwa undani tafadhali.

spana_kumi

Mkuu karibu. Anza na tairi, mengine yote yanafuata.

Raba ya tairi za kawaida baridi ikishuka chini ya nyuzi 7 hivi inaanza kukakamaa, na raba ngumu haishiki lami vizuri hata kama hamna theluji. Tairi la winta raba yake inabaki laini kwenye baridi. Liangalie kwa karibu utaona kwenye kila jino kuna vimistari vyembamba vingi vya kujipindapinda, utadhani vimechanjwa na wembe. Vile vimistari ndo vinafunguka tairi likikanyaga, vinang'ata theluji.

Sasa hizo za kwako za misimu yote, nenda kaangalie ubavuni. Kama kuna mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake, hilo tairi limepimwa kwenye theluji likafaulu, unaweza kwenda nalo sehemu ambazo winta si kali sana. Kama kuna herufi M+S tu (yaani matope na theluji) bila huo mlima, hiyo ni kauli ya aliyelitengeneza, hakulazimika kulipima. Ujerumani kwa mfano tangu Oktoba 2024 M+S peke yake haihesabiki tena kuwa tairi la winta. Na soma sheria ya hapo ulipo maana nchi zinatofautiana, Quebec kule Kanada tairi za winta ni lazima kuanzia 1 Desemba mpaka 15 Machi, Sweden ni 1 Desemba mpaka 31 Machi barabara ikiwa kwenye hali ya winta, ukikamatwa huna ni faini.

Halafu kuna kina cha meno. Kisheria Ulaya ni milimita 1.6 lakini kwenye theluji tairi likishakuwa chini ya milimita 4 mi nalihesabu limekwisha, meno hayabaki na nafasi ya kushika theluji. Na ukinunua nunua zote nne!! Kuna watu wanafunga mbili za mbele tu kwa sababu gari inavutia mbele, hiyo ni hatari kubwa, mbele inashika nyuma haishiki, ukikata kona au ukishika breki makalio ya gari yanakuja kukupita.

Upepo nao usiusahau. Joto likishuka nyuzi 5 au 6 tairi linapoteza kama PSI 1 (kile kipimo cha upepo wa tairi), kwa hiyo ulichojaza wakati wa joto sa hivi hakipo. Pima asubuhi tairi zikiwa za baridi.

njia_panda

Mi ningekushauri utafute gari ya fowili tu mkuu, ile inayovuta kwa tairi zote nne. Yangu ni fowili na napita sehemu ambazo wenzangu wamekwama wanasukumana, sijawahi kulala njiani.

mama_wa_safari

Kaka njia_panda hapo naomba nikupinge, maana huyu ndugu yetu ana watoto ndani ya gari. Fowili inakusaidia KUONDOKA. Kusimama haikusaidii chochote, kila gari breki zake ziko kwenye magurudumu yote manne, iwe fowili iwe isiwe. Tena ubaya wa fowili ni kwamba inachanganya vizuri bila kuteleza, we unaona barabara iko poa, utelezi unakuja kuujua siku unatakiwa usimame. Kagari kadogo kenye tairi nzuri za winta katasimama kabla ya fowili kubwa yenye tairi za kiangazi, hilo sina wasiwasi nalo hata kidogo.

Dereva_wa_alfajiri sasa nije kwenye daraja lako. Daraja linaganda kabla ya barabara nyingine yote kwa sababu upepo wa baridi unalipiga juu na chini, halina ardhi ya kulitunzia joto. Kwa hiyo unaweza kuwa unatembea kwenye lami nzuri kabisa ukaingia darajani ukakuta barafu nyembamba ambayo huioni, lami inaonekana imelowa tu. Sehemu za kivuli nazo hivyohivyo, chini ya miti, nyuma ya majengo. Na alfajiri ndo muda mbaya kuliko yote, unakuwa unapita wakati barabara imepoa mpaka mwisho.

Sasa utaijuaje? Angalia gari za mbele, kama barabara inaonekana imelowa lakini tairi zao hazirushi maji, jua hayo si maji. Sikiliza pia, ule mlio wa tairi kwenye lami unapungua ghafla, kunakuwa kimya, na usukani unakuwa mwepesi mkononi kama haujashikana na kitu. Ukisikia hivyo usifanye kitu chochote cha ghafla. Usishike breki, usikate usukani, achia mafuta polepole, iache gari ipite hapo ikiwa imenyooka. Na krusi kontroli, ile inayoshikilia spidi yenyewe, izime kabisa winta yote.

Afu watu wanadhani baridi ikizidi ndo utelezi unazidi, kumbe ile ya kuzunguka sifuri ndo mbaya zaidi, barafu inakuwa na utando wa maji juu yake, utelezi wake haufananishwi. Nyuzi 15 chini ya sifuri barafu inakuwa kavu, inashika kidogo. Kwa hiyo kipimajoto cha gari kikisoma 2 au 1 au 0 hapo ndo uwe makini, usisubiri kisome hasi.

Mteremko: punguza spidi ukiwa bado juu, kwenye tambarare. Ukishaanza kushuka umechelewa. Weka gia ndogo, otomatiki nyingi zina L au 2 au ile ya kuongeza na kutoa kwa mkono, injini yenyewe ikushikilie, breki uguse kidogo kidogo tu. Na usimfuate mtu kwa karibu, mwache wa mbele ashuke mpaka chini ndo na wewe uanze. Watakupigia honi nyuma, waache wapige. Kwenye barafu umbali wa kusimama unaweza kufika mara 10 ya ule wa barabara kavu, sasa piga hesabu mwenyewe.

dereva_wa_alfajiri

Dada yangu asante sana, hiyo ya kusikiliza mlio wa tairi na usukani kuwa mwepesi sikuwahi kuambiwa na mtu. Mlima kwenye tairi zangu nimeangalia haupo, ni M+S tu, kwa hiyo hilo nimeshaelewa. Bado lile la kuteleza, gari ikishaondoka nifanyeje? Na nimesikia wengine wanasema breki upige piga, wengine wanasema ukanyage ushikilie, nifuate lipi?

lori_na_njia

Yote mawili ni kweli ila ya gari tofauti. Kama gari ina ABS, yaani mfumo unaozuia tairi zisijifunge ukishika breki, na ya kwako lazima itakuwa nayo kama si ya zamani sana, ikibidi usimame ghafla kanyaga mpaka mwisho na USIACHIE. Pedali itatetemeka chini ya mguu na utasikia mkwaruzo, watu wengi wanashtuka hapo wanatoa mguu, na ndo wanagonga. Ule mtetemo ni ABS inashika na kuachia yenyewe haraka kuliko mguu wa binadamu yeyote, na kazi yake kubwa ni kukuachia usukani, yaani unashika breki huku bado unaweza kukwepa. Ila jua kwenye theluji laini iliyolundikana ABS inaweza ikachelewa kusimama kuliko tairi lililojifunga, kwa hiyo isikupe kiburi cha spidi. Kupiga piga breki ni kwa gari zisizo na ABS.

Kuteleza kuko kwa namna mbili na kila moja ina dawa yake. Ya gari ya kwako mara nyingi itakuwa ya mbele, umekata usukani lakini gari inaenda moja kwa moja. Hapo mtu anaongeza kukata, anakata mpaka mwisho, na tairi zikishakaa ubavu namna ile hazishiki kabisa. Fanya kinyume, achia mafuta, rudisha usukani kidogo kuelekea katikati, subiri. Tairi zikishika tena utaisikia, ndo ukate upya taratibu. Ya pili ni ya nyuma, makalio yanakimbilia kushoto au kulia. Achia mafuta, usiguse breki, macho yako yaangalie kule unakotaka gari iende, usukani upeleke hukohuko, yaani nyuma ikikimbilia kulia unakata kulia. Ikianza kunyooka na wewe nyoosha usukani mapema kabla haijarukia upande wa pili, maana ule mrusho wa pili ndo unaowatoa watu barabarani.

Kusoma hapa hakutoshi. Tafuta uwanja mpana wa maegesho usio na watu wala nguzo, kuwe na theluji, ukajaribu kwa spidi ndogo, mguu uujue ule mtetemo.

Jingine kwa sababu una watoto. Ukikwama kwenye foleni ya theluji na injini inawaka kupasha joto, shuka kila mara uangalie bomba la moshi nyuma, lichimbue lisizibwe na theluji. Likizibwa moshi unaingia ndani, na ile gesi ya sumu, kaboni monoksaidi, haina harufu, mnasinzia wote bila kujua. Kwenye buti weka blanketi, beleshi, tochi, maji na mchanga kidogo. Tairi ikizunguka bure usizidi kukanyaga mafuta, unajitengenezea barafu chini yake, chimbua mbele ya tairi, mwaga mchanga au tandika mati za gari, ondoka polepole.

njia_panda

Mama_wa_safari nimekuelewa, hoja ya kusimama ni ya kweli. Niongeze kimoja, theluji ya juu ya bodi ifuteni yote, si tundu tu la kuchungulia kwenye kioo. Ukishika breki ile ya juu inateremka inafunika kioo cha mbele chote. Na kioo kilichoganda msimwagie maji ya moto, kinapasuka.

dereva_wa_alfajiri

Wakuu nimerudi. Nimeenda kwenye uwanja mtupu nikakanyaga breki mpaka mwisho kama mlivyosema, pedali imetetemeka kweli, na ningekuwa sijaambiwa ningetoa mguu palepale. Tairi za winta zote nne nafungiwa wiki hii. Swali dogo la mwisho, usiku napaki nje, handibreki nivute au nisivute? Na maji ya waipa nimekuta yameganda.

spana_kumi

Maji ya waipa lazima yawe ya winta, angalia kwenye chupa yanavumilia mpaka nyuzi ngapi chini ya sifuri, maji ya bomba usiweke tena. Utayatumia mengi maana ile chumvi wanayomwaga barabarani inarukia kioo muda wote, na kwa sababu hiyohiyo osha gari mpaka chini ya chasi mara kwa mara, chumvi inakula chuma. Usiitegemee sana hiyo chumvi lakini, baridi ikishuka kama nyuzi 9 hasi kwenda chini nguvu yake ya kuyeyusha inapungua sana.

Handibreki kama ni ya kebo na umepaki tambarare, weka P na uiache, kebo zikiwa na maji zinaganda asubuhi tairi za nyuma zinagoma. Kama ni mlima ivute, ila tairi uzigeuze ili gari ikiteleza iegemee ukingo. Waipa zinyanyue zisiguse kioo usiku, na betri ikapimwe sasa hivi kabla baridi haijakolea, yenye umri mkubwa itakuzimikia asubuhi ile yenye baridi kuliko zote.