Je, ukali wa mzazi humdhuru kijana popote anapolelewa?

Mama wa Tabata
Habari zenu, ndugu zangu. Binti yangu ana miaka 15, na baba yake hamruhusu kutoka nyumbani baada ya saa kumi na mbili jioni. Wifi yangu wa Mbezi Beach, ambaye wanawe wana uhuru mwingi, anasema tunamtia mtoto msongo wa mawazo. Je, ni kweli, au inategemea mazingira?

Mwalimu mstaafu, Temeke
Mwanangu, Diana Baumrind, mwanasaikolojia wa Marekani, katika miaka ya 1960 alitofautisha mzazi wa amri tupu, mzazi anayeachia kila kitu, na mzazi anayeweka masharti huku akiyaeleza na kumsikiliza mtoto. Tafiti nyingi huwakuta vijana wa huyo wa mwisho wakiwa na utulivu zaidi. Hata hivyo, mwaka 1994 mtafiti Ruth Chao alionyesha kwamba mgawanyo huo hauwaelezi vyema wazazi wenye asili ya China, ambao ukali wao huambatana na ukaribu mkubwa. Kwa hiyo saa kumi na mbili si tatizo, maana giza letu huingia mapema. Ningependa kujua kama binti ameelezwa sababu.

Baba wa watatu, Mbagala
Nakubali, ila tusijifiche nyuma ya mila. Utafiti wa nchi sita uliochapishwa mwaka 2005, Kenya ikiwemo, ulibaini kwamba pale viboko vilipozoeleka madhara yalipungua lakini hayakwisha: waliochapwa mara nyingi bado walikuwa na wasiwasi na ugomvi zaidi. Tena, kwa maoni yangu, masimango ni mabaya kuliko masharti. Katika nyumba zetu za kupanga, binti akisemwa uani mbele ya wapangaji wanaoosha vyombo, akilinganishwa na mtoto wa jirani aliyepata daraja la kwanza, hatamweleza mama yake jambo lolote tena.

Shangazi, Kinondoni
Na hapo ndipo hasara ilipo. Watafiti Stattin na Kerr, waliochunguza vijana wa Sweden, walionyesha mwaka 2000 kwamba mzazi hujua mambo ya mwanawe hasa kwa sababu mtoto mwenyewe humsimulia, wala si kwa kumchunguza. Wifi naye ajiulize kama wanawe humsimulia, au wamezoea tu kutoulizwa.

Mama wa Tabata
Ahsanteni sana. Sababu hatujawahi kumweleza. Yeye huambiwa tu "baba amesema". Nitazungumza na mume wangu kwanza, tukiwa wawili, kabla ya kumwita binti.