Tupeane uzoefu: mashine ya espreso nyumbani na hii bei ya kahawa, nani imemlipa na nani kaumia?

Robo Kilo
Wakuu habari za muda huu. Leo nimeenda kuchukua kahawa yangu ya kila siku, buni za Kilimanjaro zilizokaangwa, paketi ya robo. Mwaka juzi nilikuwa nachukua elfu tisa, leo dada wa dukani kaniambia elfu kumi na sita wala hajanitazama usoni. Nimerudi nyumbani nimekaa mbele ya mashine tunatazamana tu kama watu tuliogombana.

Hii mashine niliinunua 2022 kwa laki sita na nusu. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi, pale karibu na ofisi nilikuwa nakunywa kapuchino ya elfu sita kila siku ya kazi, so ndani ya miezi mitano hela imerudi. Kwenye karatasi ilikaa vizuri sana. Kumbe kahawa ya kusagwa ya dukani kwenye hii kitu haifai, maji yanapita chwaa kama unachuja togwa, kuuliza wajuzi wakanambia mashine haina tatizo, huna grinda ya kusagia buni. Grinda laki nne na nusu. Baadaye mzani wa gramu, baadaye maziwa ya kila siku, baadaye jirani yangu ambaye tangu asikie ule mngurumo kila Jumamosi asubuhi anakuja kuazima ngazi. Sina ngazi na anajua.

Tupeane uzoefu, hii kitu imemlipa nani? Na kama ilishawahi kukutia aibu usione soni, sema.

Ngoja Waje
Naweka kambi hapa, ngoja waje wenye mashine. Mimi na Africafe yangu kijiko kimoja na nusu, maji ya chupa ya chai, maisha yanaenda.

Mtoto wa Mbozi
Mleta uzi usimlaumu dada wa dukani. Kwetu tunalima, nakwambia bei inapangwa New York sisi tunasikia tu. 2024 Brazil walipigwa na ukame, na Brazil peke yake ni kama theluthi ya kahawa ya dunia nzima, Vietnam nako ukame ukapiga kahawa aina ya robusta, Februari 2025 ile aina ya arabika ikavuka dola 4 kwa ratili (karibu nusu kilo), haijawahi kutokea. Na ukipanda mbuni leo unasubiri miaka mitatu minne ndo uone cha kuchuma, kwa hiyo anayesubiri bei ishuke keshokutwa asubiri amekaa.
Ila nitasema ukweli mchungu, miaka yote mmekunywa kwa bei ya kutupa mkulima haambulii kitu, leo kapaua bati jipya mjini mnalia.

Omuhaya wa Mjini
@Mtoto wa Mbozi bati la nani mkuu? Labda huko kwenu. Kwetu Karagwe kuna watu walishauza kahawa kwa butura ikiwa bado ua mtini, kachukua hela ya ada ya mtoto, bei ilipopanda aliyeshangilia ni aliyenunua ua. Mzee mwenye shamba kabaki anachuma kahawa ya mtu kwenye shamba lake mwenyewe.

Mtoto wa Mbozi
Butura imekatazwa.

Omuhaya wa Mjini
Na bangi imekatazwa pia.

Mhasibu Mstaafu
Tuliache hilo. Dabo moja, yaani espreso mbili kwa mpigo, ni gramu 18, robo kilo inakupa vikombe 13 na chenji, elfu kumi na sita gawa hapo haifiki hata 1,200 kikombe. Bado unaokoa sana @Robo Kilo, unalialia nini.

Mama Kapuchino
Umesahau Luku, maziwa na wageni. Halafu zamani alikuwa anakunywa kimoja kwa siku, muulize sasa hivi vingapi.

Robo Kilo
Vinne 😔

Mkwe wa Kibosho
Nilikuwa napita tu ila hapo kwenye aibu mmenigusa, ngoja niseme, imeshapita mwaka.

Mashine nilinunua ya mtumba, nzuri tu, ina ile saa ya presha mbele. Wiki ya pili mama mkwe akaja kutoka Kibosho, mara ya kwanza kulala kwangu tangu nimuoe binti yake. Jumapili wametoka kanisani, mama kapiga kitenge na kilemba cheupe, kakaa pale meza ya jikoni anamenya ndizi, mimi nikajitia barista. Nikamwambia mama leo usinywe chai, leo unakunywa kahawa ya kwenu huko huko mlimani ila imetengenezwa kitaalamu. Akasema haya baba.

Kosa la kwanza, sikuwa na grinda, nilisaga kwa blenda, nikaisaga mpaka ikawa kama poda ya mtoto. Kosa la pili nikaishindilia kwa nguvu zangu zote nikidhani ndo utaalamu. Nikawasha. Mashine ikanguruma, saa ya presha ikapanda ikapita 9 inayotakiwa ikaenda mpaka mwisho, chini haidondoki hata tone. Nasubiri. Mama ananiangalia. Wife ananiangalia. Nikasema ngoja hii imeziba, nikazima na palepale nikaushika ule mkono wenye chujio nikauzungusha nitoe niweke upya.

Ndugu zangu, kumbe presha bado imo ndani. Ulilia PAAA kama tairi la fuso. Ule mkono uliniponyoka ukapiga sinki, matope ya kahawa ya moto yakaruka dari, kwenye friji, kwenye picha ya harusi, na kwenye kilemba cheupe cha mama mkwe kuanzia paji la uso kwenda nyuma. Mtoto akaanza kulia chumbani. Jikoni kimya, unasikia tu dari inadondosha tone moja moja, to, to. Mungu saidia hakuna aliyeungua zaidi ya kidole changu gumba.

Mama hakupiga kelele. Alivuta kanga akajifuta shavu taratibu, akaangalia kilichobaki kwenye kidole, akalamba. Akasema: "Hii mmeiunguza."

Basi. Hakuuliza mashine wala nini. Akaomba paketi aone, akaigeuza akasoma bei, akamimina buni kiganjani akawa anazihesabu kimya kimya, akafika ishirini na kitu akazirudisha moja moja ndani ya paketi kama mtu anarudisha chenji ya watu. Nilitamani anitukane.

Ngoja Waje
"Hii mmeiunguza" 😂😂😂 aisee nimecheka mpaka bosi kageuka

Mama Kapuchino
Mkuu presha haitoki papo hapo ukizima. Unasubiri dakika kadhaa, au kama mashine yako ina vali ya kuachia utasikia inapumua pssss ndo unagusa. Kama haidondoki kitu usiushike kabisa huo mkono, ondoka nenda kaoge rudi. Na blenda kwa espreso hapana, inatoa vumbi na mawe kwa pamoja.

Fundi Friji
Kuoga tu haitoshi wengine mnaoga dakika mbili

Mhasibu Mstaafu
Kilemba kilitakata?

Mkwe wa Kibosho
Hakikutakata. Nilinunua kingine. Nacho weka kwenye hesabu zako.

Fundi Friji
Mimi sina mashine ila nazitengeneza, ninazoletewa nyingi ni za kutoka Marekani. Kaka yuko huko kamtumia mdogo wake zawadi, mtu ananunua adapta ya buku tatu pale Kariakoo anachomeka. Adapta inabadilisha meno ya plagi tu haibadilishi umeme, kule ni volti 120 huku 230, inawaka sekunde chache inapendeza halafu moshi. Na transfoma ya kushusha kwa kitu cha wati 1,500 siyo kale kadogo ka redio, ni dubwana zito kama jiwe la kusagia. Kabla hujachomeka chochote kigeuze usome chini. Nina tatu hapa kibandani wenyewe hawajarudi, nadhani wanaona aibu.

Wa Ruaka
Wasee mnaongea kuhusu Kilimanjaro kama hakuna kahawa ingine duniani. Kujeni Nyeri na Kirinyaga muonje AA, ile gredi ya punje kubwa, ndio mjue mlikuwa mnakunywa nini. Shida yetu ni hiyo AA yote inaenda majuu, nyumbani nilikokulia tulikuwa tunabakishiwa mbuni.

Mtoto wa Mbozi
Mlikuwa mnakunywa mti? 😂

Wa Ruaka
Mbuni ni ile kahawa ya kuanikwa na maganda yake, ile haijapitia kiwandani, bei ya chini. Mti tunaita mti wa kahawa. Wabongo bana.

Omuhaya wa Mjini
Hiyo kwetu ni maganda. Mbuni ni mti, buni ni punje. Kiswahili mmekopa mrudishe kikiwa salama.

Wa Ruaka
Na hiyo AA mmeionja lakini? Ama mnabishana tu?

Mtoto wa Mbozi
Tumeionja. Chachu kama ukwaju.

Wa Ruaka
Hiyo chachu ndio watu wanalipia buda 🤦🏾

Kisima cha Dodoma
Nyie mnagombania punje, mimi mashine imekufa kwa maji. Maji yetu huku yana chumvichumvi, birika tu ndani linakuwa kama limepigwa plasta. Miezi minane bomba la mvuke likaziba, baadaye maji yakawa yanatoka kama mtu mwenye kibofu kibovu. Nikapitisha siki.

Mama Kapuchino
Siki hapana!! Inakula zile mpira za ndani na harufu haitoki. Tumia unga wa asidi ya limao kijiko kwenye lita ya maji, pitisha, halafu suuza mara tatu.

Fundi Friji
Siki iko sawa tu, mimi napiga siki miaka yote.

Mama Kapuchino
Ndo maana wenyewe hawarudi.

Kisima cha Dodoma
Sasa nimfuate nani

Mhasibu Mstaafu
Nunua maji ya dumu

Dele la Mji Mkongwe
Nawasoma tu nacheka. Huku kwetu kahawa haijawahi kutaka saa ya presha. Mkaa, dele, tangawizi, kashata, baraza. Unakaa na wazee mnaimaliza siasa ya dunia kwa vikombe vitatu vya mia mbili mia mbili. Dada yangu yuko Maskati kule wanaikaanga kidogo tu inabaki na rangi ya mchanga, iliki, tende pembeni, na mgeni asiyetikisa finjani anaendelea kumiminiwa mpaka kesho. Huyo jirani wa ngazi angekufa.

Robo Kilo
Nyie watu mmeuteka uzi nimesahau hata nilikuwa nauliza nini. @Mkwe wa Kibosho mama mkwe aliwahi kurudi?

Mkwe wa Kibosho
Alirudi Desemba. Kaja na buni zake mwenyewe kwenye mfuko wa Rambo, kakaanga jikoni kwangu kwenye kikaango cha chapati, kasaga kwa kinu, kachemsha sufuriani. Mashine iko palepale pembeni ameifunika kitambaa cha meza. Ilikuwa kali kuliko zote nilizowahi kunywa, naapa, na hakuniambia hata neno moja, alinimiminia tu akaendelea na ndizi zake.

Ngoja Waje
Sasa mkuu hiyo mashine iliyofunikwa kitambaa unaiuza? Nina laki mbili hapa taslimu.

Robo Kilo
Si ulisema Africafe maisha yanaenda

Ngoja Waje
Yanaenda ndio ila pole pole.

Mkwe wa Kibosho
Njoo PM. Ule mkono umepinda kidogo ulipopiga sinki lakini unaingia ukiulazimisha.

Fundi Friji
Usiulazimishe. Leta kwangu kwanza.