Laki sita ya diteilingi Kampala: boneti imeungua, viti vinanuka, taa ya eabegi inawaka

Wakuu, hasa mlioko Kampala, someni kabla hamjamkabidhi mtu ufunguo wa gari kwa diteilingi, yaani kusafisha gari kwa kina na kung'arisha rangi.

Jina la yadi silitaji kwa sasa. Nataka hela yangu kwanza, sitaki waanze kulia kwamba nimewachafulia biashara. Bango kubwa barabarani, vijana wamevaa fulana za aina moja, sofa ya kukalia, soda ya bure. Gari langu ni Toyota Harrier nyeusi, 600,000 za Uganda, "ndani na nje, kila kitu, bosi". Kuosha tu ningeosha kwa 20,000 kwenye sehemu yoyote ya kuoshea magari na kuendelea na safari zangu. Nililipa laki sita kwa ajili ya kazi nyingine kabisa, na kazi hiyo haikufanyika.

Nianze na boneti, maana ndiyo inayoniuma.

Juu ya rangi kuna klia, lile tabaka angavu linaloikinga, na klia ya kiwandani ni nyembamba ajabu, mara nyingi mikroni 40 hadi 50 tu (mikroni elfu moja ndiyo milimita moja). Unywele wa kichwani ni mnene kuliko hiyo. Kila ukipiga polishi unaila kidogo ili mikwaruzo isawazike, na ukishaila hairudi mpaka upige rangi upya. Gari zetu hizi zimetoka Japan na umri wake, kisha zinaanikwa kwenye jua la ikweta kila siku. Klia inayobaki ni ya kuhesabu. Kwa hiyo fundi anayejua kazi hupima kwanza unene wa rangi kwa kile kimashine chake, anafunika kwa tepu kingo na mikunjo ya bodi, kisha anajaribu sehemu ndogo kwa pedi laini kabla ya kugusa gari zima.

Hawa ndugu zetu? Nilifika kuchukua gari mapema kuliko tulivyopatana, nikamkuta kijana ameegemea ile mashine ya polishi inayozunguka tu bila kutikisika, pedi ya manyoya, kompaundi (dawa ya kusugulia rangi) inaruka mpaka kwenye vioo. Hakuna tepu. Gari liko juani, boneti ukiishika unatoa mkono. Nikauliza, "Mbona mnafanyia juani?" Jibu: "Ssebo (bwana), ndiyo inakauka haraka."

Haya, imekauka. Kwenye mkunjo wa boneti upande wa dereva kuna doa limepauka, upana wa sarafu, ukingo wake mweupe kama maziwa. Klia imekwisha pale. Ukisimama jua la saa kumi unaona mizunguko ya pedi boneti zima, juu ya mikwaruzo ileile niliyoleta. Herufi za nyuma ya gari zimejaa unga mweupe wa kompaundi ambao hakuna aliyejisumbua kuupitishia brashi.

Na mnajua kwa nini sikuona siku ile ile? Walipaka kitu cha mafuta mafuta kinachojaza mikwaruzo na kung'aa. Dashibodi nayo imepakwa silikoni mpaka jua likipiga inarudi kwenye kioo cha mbele, huoni bodaboda anayekatiza. Tairi zimepakwa pia, na zilipoanza kuzunguka zikarusha matone meusi kwenye milango. Mvua ya kwanza ikaondoka na mng'ao wote.

Uchafu ulioganda kwenye bodi haukuguswa. Sote tunajua moramu, vumbi jekundu la barabara za huku, inavyoingia ndani ya rangi, ukichanganya na unga wa breki na utomvu wa miti. Huo hautoki kwa sabuni. Kuna dawa ya kuyeyusha chembe za chuma, inabadilika kuwa zambarau ikizigusa, halafu unapitisha ule udongo maalumu laini wa kusafishia rangi pamoja na maji ya kulainisha mpaka kiganja kiteleze. Pitisha kiganja mlangoni mwa gari langu leo: msasa. Na kwenye risiti wameandika kwa kalamu yao "kuondoa uchafu wa rangi", wakatia tiki!

Sasa ndani. Hapa ndipo nilipokasirika mpaka mke wangu akaninyang'anya simu.

Viti vya kitambaa husafishwa kwa mashine inayopuliza maji ya moto na dawa na kuyavuta papo hapo, kisha gari linaachwa wazi likauke kabisa. Wao wamemwaga maji, wamesugua kwa brashi na povu la unga wa kufulia nguo, wakafunga vioo. Msimu wa mvua huu! Nilipofungua mlango asubuhi yake harufu ilikuwa ya tambara la jikoni. Chini ya kapeti la nyuma maji yalikuwa bado yanatuama, ukikandamiza kwa kidole yanachungulia.

Kisha taa nyekundu ya eabegi (mfuko wa hewa unaofumuka kukukinga kwenye ajali) ikawaka na haijazima. Nimempelekea fundi umeme, akapiga magoti na tochi chini ya kiti cha abiria, akachomoa soketi ya njano. Soketi za njano ndizo za eabegi, haziguswi kwa mchezo, na hazitaki maji. Hii pini zake zilikuwa zimeota kutu ya kijani na mapovu yamekauka pembeni. Mkuu, taa hiyo ikiwaka mfumo unaweza kukataa kufanya kazi siku ya ajali. Mimi nabeba watoto barabara ya Masaka kila mwisho wa mwezi, na wote mnajua ile barabara kwa ajali.

Nimerudi kwa meneja. Kwanza akasema taa "itazima yenyewe ukiendesha". Pili akasema doa la boneti nililileta. Nikamwonyesha picha nilizopiga gari likiingia, zina saa na tarehe. Akanyamaza, akaniita "mzee wangu" kwa sauti ya kubembeleza, akanipa ofa ya kuosha bure mara nyingine. Kuosha! Nimletee tena gari aimalize klia iliyobaki?

Ninachotaka: warudishe 600,000 na walipe kupaka rangi boneti na kurekebisha nyaya. Wakikataa naenda na picha, risiti na maelezo ya fundi umeme kwenye utaratibu wa madai madogo mahakamani. Hapa Uganda upo, unapokea madai yasiyozidi milioni 10, na unajisimamia mwenyewe bila wakili. Aliyewahi kuupitia aniambie wanataka maelezo ya fundi yaandikwe vipi.

Na naomba fundi, siyo yadi yenye sofa. Mtu mwenye kipimo cha rangi na mashine ile ya kutikisika isiyounguza haraka, anikubalie nikae pembeni niangalie. Bugolobi, Ntinda, Najjera, hata Entebbe nafika. Mliofanyiwa kazi na mtu wa hivyo na gari likapita mvua mbili tatu bado safi, nitumieni inboksi. Wale wa "njoo kwetu bosi tunakupa bei nzuri", leo msiguse uzi huu.