Mzee wa kanisa amewazimia watoto stima wakicheza Kutoka 15

Wadau, tangu Jumapili hili limenikaa kooni.

Nafundisha watoto wa kanisa letu huku Kisauni kucheza Neno, yaani kusimulia Biblia kwa ngoma. Wako 14, mkubwa wao ana miaka 13. Tangu Januari tuko kwenye Kutoka 14 na 15, na sijawapa hatua hata moja kabla hawajausoma mstari wenyewe kwa sauti. "Nayo maji yalikuwa ukuta kwao mkono wa kuume, na mkono wa kushoto." Ndiyo maana walisimama safu mbili na leso za buluu, ambazo mama zao walinunua Biashara Street kwa pesa zao. Sauti ya bahari ilikuwa kayamba, ala ya matete yenye mbegu ndani. Ukiinamisha polepole, mbegu zateleza ndani ya matete, wasikia wimbi likirudi nyuma mchangani kabisa. Msichana wa miaka 11 alilifanyia mazoezi jambo hilo moja mpaka vidole vikatoka malengelenge.

Basi maji yashagawanyika, Waisraeli washavuka, Miriamu yuko mlangoni na tari lake angoja kuingia. Mzee mmoja akainuka, akaenda ukutani, akazima swichi. Spika kimya. Akasema mbele ya kanisa zima: "Ngoma za kaya zibaki kaya," yaani kwenye misitu mitakatifu ya Wamijikenda. Kisa mabega! Kisa mtu alimwambia kuwa hatua za Miriamu tumezitoa kwenye mwanzele, ngoma ya kimila ya Wamijikenda.

Ndiyo, tumezitoa huko. Mstari wa 20 wasema wanawake wote walitoka nyuma ya Miriamu "wenye matari na kucheza". Hawa watoto ni Wamijikenda, Wagiriama na Waduruma, watacheza ngoma ya nani? Kinanda chetu kina mdundo wa rumba na kila Jumapili twapiga makofi, hakuna aliyewahi kuuliza umetoka wapi. Mmisionari Krapf alipoanza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili hapa hapa Mombasa mwaka 1844, alilitia Neno kwenye maneno ya watu wa hapa, na hilo twalishukuru mpaka leo. Miili yetu ndiyo najisi?

Na yule aliyemwona Daudi akirukaruka mbele za Bwana "akamdharau moyoni mwake" alikuwa Mikali, binti Sauli. Someni 2 Samweli 6 mpaka mstari wa mwisho muone yaliyompata.

Mimi ni mtu mzima, nitasemwa na nitavumilia. Lakini yule mtoto alibaki amesimama, kayamba amelikumbatia kifuani, hajui aende wapi, mpaka likachukuliwa mikononi mwake likafungiwa stoo. Nimelidai mara mbili, naambiwa ningoje kikao.

Singoji. Nataka kayamba lirudi kwa mwenyewe, na mzee awaombe watoto radhi pale pale madhabahuni, mbele ya watu wale wale. Ijumaa mazoezini walikuja 3. Aliyekuwa Miriamu hakuja.