Nimetoka simu ya batani nimeingia Android, nielewesheni taratibu

babu_batani
Wanajukwaa salaam. Simu za batani nimetumia tangu zimeingia na sijawahi kuona haja ya kubadili, sasa binti yangu kanunua simu mpya hii yake ya zamani kaniachia, baba na wewe uwe wa kisasa. Nimeambiwa ni Android ila Android yenyewe ni nini hakuna aliyenieleza, ndo kampuni iliyotengeneza simu, ndo Google, au ni apu, kila nikiuliza najibiwa "ndo hivyohivyo tu". Kilichonileta hasa ni hiki, juzi nilipiga picha mguu wangu uliovimba nije nimwonyeshe daktari, sijamtumia mtu, hata kutuma picha sijui. Jioni binti anapiga, baba mguu una nini? Nikaishiwa maneno. Hii simu inanichungulia? Halafu kila nikifungua apu inauliza ruhusu, kataa, ruhusu, kataa, nabonyeza ruhusu yaishe. Na tangu jana inaandika nafasi imejaa wakati sijaweka kitu. Nianzie wapi?

chaji_mbili
Karibu mjini mzee 😂 nafasi ikijaa we futa mapicha ya zamani, alafu shusha apu ya kusafisha memori, na kila ukimaliza kutumia apu itelezeshe juu ife, chaji itakaa.

fundi_mkimya
Shikamoo mzee. USIFUTE PICHA kwanza, soma hadi mwisho.

Simu haikuchungulii, ila bado ni ya binti yako. Hapo kuna vitu vitatu watu wanavichanganya. Kuna kampuni iliyounda simu, jina lake limeandikwa mgongoni. Kuna Android, huo ni mfumo endeshi, yaani msimamizi wa humo ndani, ndo anapokea kidole chako kwenye kioo, anagawa memori, anaamua apu ipi iguse kamera na ipi isiguse. Kilianza kama kikampuni kidogo 2003, Google wakakinunua 2005, na simu ya kwanza yenye Android ikaingia sokoni 2008. Msingi wake uko wazi kwa yeyote kuuchukua, ndo maana Samsung anao, Xiaomi anao, na kila mmoja anaupaka rangi zake hadi setingi hazifanani, kwa hiyo ukielekezwa "bonyeza pale" na pale hapapo usijione mjinga.

Cha tatu ni akaunti ya Google, na tatizo lako lote liko hapa. Akaunti ni ile imeili na paswedi ambayo simu iliwekewa siku ya kwanza, Play Store, yaani duka la apu, inaijua hiyo, majina ya simu yanahifadhiwa humo, na apu ya Google Photos kama imewashwa kunakili basi kila picha inayopigwa inapanda kwenye akaunti hiyo. Binti hakuitoa yake. Umepiga mguu, picha ikapanda, kwenye simu yake mpya ikashuka. Na kinyume chake ni kibaya zaidi, ukifuta picha ya zamani humo ndani ya Photos na kwake inapotea, ndo maana nimepiga kelele hapo juu.

babu_batani
Marahaba. Mwanangu umechelewa, asubuhi nilifuata ushauri wa kwanza nimefuta kama mia mbili, za harusi yake zimo.

chaji_mbili
Duh. Samahani mzee sikujua ni akaunti ya mtu mwingine.

fundi_mkimya
Bado hujaharibu. Picha iliyokuwa imeshanakiliwa kwenye akaunti ikifutwa inakaa kwenye pipa la taka siku 60 kabla ya kupotea kabisa, mwambie LEO afungue Photos kwake, aende kwenye taka, azirudishe.

Zikisharudi, mkae pamoja. Kama kuna majina au picha zako unazitaka zihamishwe kwanza pembeni, halafu yeye mwenyewe aingie setingi, kwenye akaunti, aitoe ya kwake, atoe na lock ya skrini, ndo mfute simu yote ianze upya. Msiruke hatua ya akaunti. Tangu Android 5.1 ukifuta simu kwa njia za panya akaunti ikiwa bado imo, ikiwaka itadai imeili na paswedi ya mwenyewe wa zamani, waliweka hivyo kuwakomoa wezi ila wanaonasa sana ni wazazi waliorithi simu. Baada ya hapo fungua akaunti yako, na hiyo "nafasi imejaa" itaisha yenyewe maana vilivyojaza ni vya binti.

Kuhusu kuua apu, chaji_mbili ndugu yangu hapana. Apu ikienda nyuma Android inaigandisha, ukiiua halafu ukaifungua tena inaanza moja ndo inakula chaji zaidi. Iue ikigoma tu. Na hizo za kusafisha memori nyingi ni matangazo matupu.

zuhura_wa_jioni
Shikamoo babu, mi nijibu la ruhusu/kataa maana hapo hata vijana wanabonyeza tu. Kila apu Android inaifungia kwenye chumba chake, haioni vya wenzake, ikitaka kutoka nje kushika kamera au maiki au majina ya watu lazima ibishe hodi, ndo lile swali. Zamani ulikuwa unaonyeshwa orodha nzima wakati wa kuinstoli ukubali yote au uache, kuuliza moja moja kumekuja na Android 6 mwaka 2015. We jiulize tu kazi ya hiyo apu inahitaji hicho inachoomba? Ramani ikitaka kujua ulipo sawa, kikokotoo kikitaka majina ya watu wako kinayatakia nini? Kataa. Kukataa hakuharibu simu, ikikwama kweli utairuhusu baadaye kwenye setingi. Kuanzia Android 11 kuna na "mara hii tu", mi natumia sana hiyo. Na usishushe apu ya tochi babu, vuta kioo kutoka juu kwenda chini tochi iko pale.

babu_batani
Tochi nimeiona! Siku zote nilikuwa naazima ya jirani. Picha za harusi zimerudi zote, binti kacheka kwanza halafu kanuna. Jumapili anakuja tutoe akaunti. Swali la mwisho, nikiweka lugha ya Kiswahili hiyo setingi nitaiona wapi?

zuhura_wa_jioni
Itaandikwa Mipangilio, ile yenye alama ya gurudumu la meno. Na mguu babu, daktari uliishamwonyesha?