Vyombo vya kutengenezea bia nyumbani: nisafishe na nini bila kutoboa mfuko?

NdooMoja

Wakuu, habari za saa hizi. Natengeneza bia nyumbani kwa kiwango kidogo: ndoo moja ya plastiki yenye koki chini, mpira wa kuhamishia na chupa za kioo za kuokoteza. Dawa maalumu za kusafishia vyombo vya bia nimeziangalia bei nikarudi nyuma. Kwa sasa natumia sabuni ya vyombo, kisha dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe.

Kuna ukoko wa kahawia unaobaki juu ya ndoo pale povu lilipofika wakati wa kuchacha. Sabuni haiutoi, na jamaa yangu anasema niupige na waya wa kusugulia masufuria. Chupa nazo zina hamira iliyokaukia chini. Halafu bia ya safari hii ina ladha kama plasta ya kidonda, na harufu ya hospitali kwa mbali. Mwenye uzoefu anisaidie: kipi ninunue, kipi niachane nacho?

MtungiBaridi

Klorini haina shida mkuu, ndiyo ninayotumia miaka yote. Kijiko kidogo kwa lita ya maji baridi, dakika 20, unasuuza, kwisha. Labda husuuzi vizuri.

BabuKimea

Waya uweke mbali na hiyo ndoo. Plastiki ikishakwaruzwa, kazi ya kuchachushia imeisha. Bakteria wanaochachua bia na hamira za porini hujibanza ndani ya mikwaruzo ambako dawa haifiki, na ndoo ya namna hiyo inabaki ya kubebea nafaka tu. Hata sponji, tumia upande ule laini.

Pili, tenganisha kuosha na kutakasa. Kuosha ni kutoa uchafu. Kutakasa ni kuua vijidudu vilivyobaki juu ya chombo ambacho tayari ni safi. Ukimwaga dawa ya kuua vijidudu juu ya ukoko, nguvu yake inaishia kwenye ukoko. Kwa mtu mwenye bajeti finyu hesabu iko hapa: kuosha kufanywe na maji ya moto na muda, na hivyo havina bei kubwa. Hela kidogo uliyo nayo iende kwenye kutakasa. Wengi naona wanafanya kinyume.

Cha kuoshea kiko kwenye rafu ya sabuni za kufulia. Tafuta unga wa kuondoa madoa wa aina ya oksijeni, geuza pakiti usome. Unataka sodiamu pakaboneti, na kikiwepo kingine kiwe sodiamu kaboneti, basi. Wenye manukato uache, harufu ikiingia kwenye plastiki hutaitoa. Kwenye maji ya moto unga huu unaachana ukawa haidrojeni peroksaidi, inayoshambulia uchafu kwa vipovu vyake, na sodiamu kaboneti inayolainisha mafuta na protini. Baadhi ya zile dawa za bei mbaya zina unga huuhuu ndani yake, ukiwa umevalishwa jina zuri.

Weka kijiko kikubwa kimoja au viwili kwa kila lita 5 za maji ya nyuzi 50 hadi 60. Jaza mpaka maji yapite juu ya ukoko, kisha nenda kalale. Asubuhi utaukuta umebanduka wenyewe, vipande vyembamba vya kahawia vinaelea, na uliobaki unatoka kwa kidole. Vaa glavu, maji hayo yanakausha ngozi vibaya. Mfuniko usiubane, na kamwe usihifadhi mchanganyiko huo kwenye chupa iliyofungwa: unatoa gesi, chupa itapasuka. Isitoshe, baada ya saa kadhaa nguvu imeisha, kwa hiyo changanya wa kutumia siku hiyo tu.

Chupa vilevile, zilaze ndani ya maji hayohayo usiku kucha, kisha zungusha burashi na suuza. Ielekeze mdomo kwenye taa ukague chini. Kioo kikiwa safi kweli, maji yanateremka kama utando mmoja. Yakijikusanya matone matone, bado kuna mafuta. Ila dawa kubwa ya chupa ni kuisuuza dakika ileile unapomaliza kumimina, kabla hamira haijakauka. Hiyo ni bure kabisa.

Koki ndiyo inayosahaulika. Itoe kwenye ndoo, iloweke maji ya moto ilainike, kisha sukuma kile kipande cha ndani kwa mpini wa kijiko. Utando unaoteleza utakaoukuta humo ndio unaoharibu bia za watu wanaoapa kwamba wanasafisha kila kitu. Kuna koki zisizofunguka. Hizo mimi sizinunui.

Sasa klorini. Ndugu hapo juu hajasema uongo, inaua. Lakini ikibaki hata chembe inakutana na fenoli zilizomo kwenye bia, zinazaliwa klorofenoli, na ulimi unazinasa zikiwa kidogo mno. Ladha ya plasta mara nyingi ni hiyo. Maji ya bomba yenye klorini, ukiyatumia kupikia, yanaweza kukuletea ladha ileile. Ukiendelea nayo, suuza kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, usiiache juu ya chuma cha pua kwa sababu inakitoboa vitundu, na USIICHANGANYE NA SIKI wala asidi yoyote. Inatoka gesi ya klorini, na gesi hiyo inaunguza mapafu.

Mimi ningenunua chupa ndogo ya dawa ya asidi ya fosforasi isiyohitaji kusuuzwa. Bei yake inatisha mpaka usome kipimo: kwa kawaida kama mililita 1.5 kwa lita moja. Weka lita moja kwenye chupa ya kupulizia, lowanisha kila kona, subiri dakika mbili, mwaga, endelea na kazi. Povu lake usiliogope. Tumia maji yasiyo na chumvichumvi na utakaa nayo muda mrefu. Yakianza kuwa na ukungu, changanya upya.

NdooMoja

Shukrani sana babu. Nimeupata huo unga, hauna manukato. Maswali mawili: sufuria yangu ni ya alumini, niiloweke humo pia? Na ndoo sasa imebaki na utando mweupe mwembamba kama chokaa, ni sawa?

BabuKimea

Alumini hapana. Magadi ya aina hiyo yanaila na kuifanya nyeusi. Sufuria unachemshia humo, vijidudu vinakufa vyenyewe. Osha kwa sponji na sabuni kidogo, suuza sana, na ile rangi ya kijivu uiache, ndiyo inayoilinda.

Utando mweupe ni chumvi za maji yako magumu. Pitisha siki au asidi ya sitriki, suuza, utaondoka. Hakikisha tu klorini haiko karibu.

MtungiBaridi

Nimefungua koki yangu jioni hii. Sitasema nilichokuta. Babu, burashi ya ukubwa gani inaingia mle?

BabuKimea

Ya meno, ile ya mtoto.