Klabu binafsi za gofu Nairobi na viunga vyake: nijiunge na ipi?

Mgeni wa Jumamosi aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, salamu kwenu nyote. Nimecheza gofu kwa miaka mitatu sasa, kwanza katika uwanja wa kujifunzia na baadaye kama mgeni wa wenzangu wa kazini ambao ni wanachama wa klabu mbalimbali, na handikapu yangu (idadi ya mikwaju ya ziada anayohesabiwa mchezaji, nayo kadiri inavyopungua ndivyo alivyo bora) imeshuka hadi 22. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nimekula na kunywa kwa watu miaka mitatu bila kushikishwa jembe lolote, na nimeanza kuona haya.

Ninaishi Ruaka na ofisi yangu iko Upper Hill. Nikiuliza klabu ipi ni bora, kila mwanachama huitaja yake, na wale wasio na klabu hutaja Muthaiga, Karen na Royal Nairobi kana kwamba wanasoma orodha iliyobandikwa ukutani. Ningependa kujua ubora huo unatokana na nini hasa: ni uwanja wenyewe, ni historia, ni watu unaokutana nao, au ni jina tu? Tena naomba mnieleze namna ya kuingia kwa mtu ambaye hana baba wala mjomba aliyemtangulia ndani.

Mwanachama wa Zamani alijibu:

Ndugu Mgeni, majina hayo matatu hayatajwi bure. Royal Nairobi ilianzishwa mwaka 1906, wakati Nairobi ilikuwa bado mji mchanga uliozaliwa na reli, na mwaka 1935 ilipewa na Mfalme George wa Tano idhini ya kujiita Royal. Karen ilianza mwaka 1937 katika ardhi iliyokuwa ya shamba la kahawa la mwandishi wa Denmark, Karen Blixen, ambaye alikuwa ameondoka nchini mwaka 1931 baada ya kilimo hicho kumfilisi, kwa kuwa sehemu ile iko juu mno na ina baridi isiyoipendeza kahawa. Ardhi iliyoikataa kahawa imezipenda nyasi, na huo ndio ukweli wa Karen hadi leo.

Kuhusu Muthaiga, tafadhali usichanganye mambo, kwa maana nimeona watu wazima na heshima zao wakikosea hapa. Muthaiga Country Club, ile yenye kuta za rangi ya waridi iliyofunguliwa mkesha wa Mwaka Mpya, tarehe 31 Desemba 1913, ni klabu moja, na Muthaiga Golf Club ni nyingine. Ukipeleka fomu mahali pasipo pako, utakuja kugundua makosa yako ukiwa umeshavaa viatu vya gofu.

Sifa ya Muthaiga na Karen kama viwanja imejengwa kwa kiasi kikubwa na mashindano ya Kenya Open, yaliyoanza mwaka 1967 na ambayo yamechezwa zaidi Muthaiga. Mabingwa wakubwa wa gofu, Seve Ballesteros wa Uhispania na Ian Woosnam wa Wales, waliyashinda mwaka 1978 na 1986, na tangu mwaka 2019 mashindano hayo yamo katika ratiba kuu ya ziara ya Ulaya ya wachezaji wa kulipwa. Klabu inayotarajia wachezaji wa aina hiyo hulazimika kuzitunza grini zake, yaani maeneo ya nyasi fupi yanayozunguka kila shimo, mwaka mzima, na wewe mwanachama wa handikapu 22 unafaidi kazi iliyofanywa kwa ajili ya wengine. Upande wa pili wa jambo hilo husemwa mara chache: kabla ya mashindano, nyasi za pembeni huachwa zirefuke, baadhi ya sehemu hufungwa, na wiki ya mashindano yenyewe wewe ni mtazamaji katika uwanja unaoulipia.

Sasa nije kwenye swali lako la kuingia. Katika klabu nyingi za hapa, unahitaji mpendekezaji na muungaji mkono, wote wawili wakiwa wanachama wa muda wa kutosha na wasio na madeni. Jina lako na picha yako hubandikwa kwenye ubao wa matangazo ili yeyote mwenye pingamizi aipeleke kwa kamati, kisha unaitwa kwenye mahojiano, na baada ya hapo unasubiri. Wengi hudhani mahojiano ndiyo mlima. Ukweli ni kwamba mlima ni ule ubao, kwa sababu wanachama husimama mbele yake na vikombe vyao vya chai wakiulizana, "Huyu ni nani? Umewahi kucheza naye?" Kama hakuna anayekujua, hakuna atakayekupinga, lakini pia hakuna atakayekwenda kukusemea mahali foleni inapopangwa. Kwa hiyo ile miaka mitatu ya ugeni unayoionea haya ndiyo mtaji wako; hesabu ni katika klabu ipi umecheza na watu wengi zaidi, na hapo ndipo pa kuchukulia fomu.

Uliza pia malipo yote kwa pamoja na usikubali kutajiwa ada ya kujiunga peke yake. Hiyo hulipwa mara moja, nayo kwa kawaida hairudi hata ukijiuzulu. Baada yake kuna ada ya mwaka, kuna kiwango cha chini ambacho klabu nyingi hukutaka utumie jikoni na baa hata usipokanyaga huko, na kuna michango ya miradi ambayo mkutano mkuu unaweza kuipitisha wewe ukiwa safarini. Ikiwa mwajiri wako ana nafasi za uanachama wa kampuni, zinafupisha foleni, ila jua kwamba siku ukiacha kazi nafasi hubaki na kampuni.

Kedi Mstaafu alijibu:

Mzee wangu hapo juu amesema ya ofisini, nami niruhusuni niseme ya nyasini, kwa kuwa nilibeba mikoba ya watu kwa miaka kumi na mmoja kabla ya mimi mwenyewe kununua fimbo.

Viwanja vingi vya Nairobi, katika njia zake kuu, vina nyasi za Kikuyu, zile nene zenye vikonyo vinavyotambaa, ambazo asili yake ni nyanda hizi za juu na zimepewa jina la watu wa hapa. Mpira ukitulia katikati, nyasi hizi huunyanyua kama yai juu ya kiota, na hata mchezaji wa kawaida huupiga vizuri. Lakini ukiteleza pembeni mwa grini, hatua mbili tu, kichwa cha fimbo hunaswa na kugeuzwa kabla hakijaufikia mpira. Nimewaona wageni waliotoka ng'ambo na handikapu ya 6 wakipiga mikwaju minne mahali hapo, mpira ukisogea shibiri moja kila mara, huku sisi makedi tukitazama milima ya Ngong ili tusicheke. Tena hapa tuko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na hewa nyepesi huupeleka mpira mbali kuliko ulivyozoea pwani. Nakumbuka mgeni mmoja kutoka Mombasa aliyekataa ushauri wangu wa kutumia fimbo fupi zaidi. Mpira wake uliruka grini, ukaruka ua, na tukausikia ukitua juu ya bati la mtu. Aliniomba radhi mimi, mwenye bati hakuombwa.

Ninayasema haya kwa sababu klabu haipimwi kwenye shimo la kwanza karibu na jengo, ambako bustani hupambwa kwa ajili ya wageni. Nenda shimo la mbali kabisa, ambako kapteni hafiki mara kwa mara. Tazama kama mashimo ya mchanga yamesawazishwa kwa reki, kama vidonda vya fimbo kwenye nyasi vimejazwa mchanga, na kama alama za mpira kwenye grini zimezibwa. Halafu tazama makedi. Je, kila mmoja ana kifuko chake cha mchanga? Wana mahali pa kukaa mvua inaponyesha, au wamejikunyata chini ya mti? Katika klabu moja ambayo sitaitaja, tulikuwa tunasubiri nje ya lango tangu saa kumi na moja alfajiri bila choo, na si ajabu kwamba makedi wazuri walihamia kwa jirani mmoja mmoja, wakaondoka na ujuzi wa kila mteremko wa kila grini. Kedi wa namna hiyo, kwa mtu wa 22, ni mikwaju minne au mitano kwa raundi.

Kwa makazi yako na kazi yako, mimi ningeitazama Vet Lab kule Kabete, iliyopata jina lake kutokana na maabara za mifugo, pamoja na Railway, ambayo ni ya mwaka 1922 na iko karibu sana na ofisi yako. Hazina fahari ya Karen. Lakini jua hapa huzama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasoro dakika kumi mwaka mzima, na mtu anayetoka kazini saa kumi na nusu akiwa Upper Hill anaweza kumaliza mashimo tisa Railway kabla ya giza, ilhali anayeelekea Karen atakuwa bado anahesabu magari Barabara ya Ngong.

Mgeni wa Jumamosi aliandika:

Nawashukuru sana, mzee wangu na ndugu Kedi. Jambo la ubao wa matangazo sikuwahi kuelezwa na mtu yeyote. Nina swali la nyongeza: mke wangu ameanza kujifunza mwaka huu, naye ananiuliza kama ataingia kama mchezaji kamili au kama "mke wa mwanachama".

Mama Fimbo alijibu:

Mwambie shemeji yetu kwamba swali lake ndilo la kwanza angelipaswa kuuliza, na asilipokee jibu la mdomo. Klabu nyingi za zamani ziliandika kanuni zao wakati ambapo mwanamke aliingia kwa jina la mumewe, akatengewa siku zake za kucheza na kufungiwa baadhi ya vyumba, na hakuwa na kura. Mwaka 2014 Mahakama Kuu jijini Nairobi, katika shauri lililoletwa na wanachama wanawake wa Limuru Country Club, iliamua kwamba Kifungu cha 27 cha Katiba ya mwaka 2010, kinachokataza ubaguzi, kinaibana hata klabu ya watu binafsi. Uamuzi huo umesaidia wengi wetu zaidi ya hotuba zote za siku ya tuzo.

Hata hivyo, kanuni ni maandishi, na maandishi yana matabaka. Aombe kuisoma katiba ya klabu kabla ya kujaza fomu, akitafuta mambo mawili: kama uanachama wa mwenzi wa ndoa una kura katika mkutano mkuu, na kama unabaki wake iwapo mume atafariki, atajiuzulu au watatengana. Mahali ambapo jibu la pili ni hapana, mimi namshauri aingie kwa jina lake mwenyewe na foleni yake mwenyewe, hata kama ni ghali zaidi. Kisha aangalie ratiba ya Jumamosi asubuhi, aone majina ya wanawake yamepangwa saa ngapi. Jumamosi asubuhi haidanganyi.

Limuru yenyewe, nikiwa ninaitaja, ni uwanja mzuri sana kwa anayependa utulivu na majani ya chai, ila mwezi wa Julai ukungu unaweza kukufanya usiuone mpira wako ukitua. Nenda na sweta mbili.

Mkaazi wa Kilifi alijibu:

Naongeza neno dogo kwa sababu swali limehusu klabu binafsi pekee. Kuna viwanja ambavyo havikudai mpendekezaji wala ubao, navyo si vya chini. Windsor, kaskazini mwa jiji, ni hoteli yenye uwanja wa mashimo 18, unalipia raundi unacheza. Huku kwetu kuna Vipingo Ridge, uliojengwa katika lililokuwa shamba la mkonge, ambao umewahi kuwa mwenyeji wa mashindano ya wanawake ya ziara ya Ulaya tangu mwaka 2019. Mtu anayecheza mara mbili kwa mwezi akikaa chini na kalamu, huenda akagundua kwamba kulipa raundi kwa raundi ni nafuu kuliko ada ya mwaka ya klabu yoyote iliyotajwa hapo juu.

Mwanachama wa Zamani alijibu:

Mkaazi wa Kilifi ana haki katika hesabu yake, isipokuwa kwamba mwenye kulipa raundi kwa raundi hupangiwa nafasi zilizobaki, na Jumamosi hazibaki. Na muuliza, kama jina lake linavyosema, ni mtu wa Jumamosi.

Ndugu Mgeni, ukiamua, usipeleke fomu mbili kwa wakati mmoja. Makatibu wa klabu hizi wanajuana na hupigiana simu, na mwombaji aliyeonekana kwenye mbao mbili husubiri kote kuwili. Mwombe kwanza mwenyeji wako wa kawaida akuruhusu ucheze siku ya kazi, Jumanne au Jumatano alasiri, na baada ya raundi usikimbilie gari. Keti uagize chai, na uone ni nani atakayevuta kiti akae mezani kwako.

Mgeni wa Jumamosi aliandika:

Nimehesabu kama nilivyoelekezwa. Vet Lab nimecheza na watu kumi na wanne tofauti, Muthaiga na wawili tu, na mmoja kati ya hao wawili amehamia Kigali. Nimemwomba mwenyeji wangu wa Kabete Jumatano ijayo, na mke wangu ameshaomba nakala ya katiba.